Kipimo Kwanza, Pera Baadaye

Mkunga wetu alianza kukusalimu miguuni. Ukikutana naye sokoni Kibaoni, umejitwisha debe la mahindi, ukamwambia shikamoo, macho yake yalikuwa yameshateremka kwenye vifundo vya miguu yako, na marahaba yake ilikuja imechelewa, baada ya kuridhika kwamba ndara hazikubani. Wanaume walidhani anawadharau. Sisi wanawake tulijua. Kama una mimba, angeinama pale pale katikati ya dagaa na vitunguu, akubonyeze kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, ahesabu kimoyomoyo, kisha aachie na kutazama kama shimo limebaki. Likibaki shimo, hakuna soko tena siku hiyo. Mnaongozana hadi zahanati, na debe lako analibeba yeye.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sikuwahi kuuliza. Wafipa walisema ni wao, Wakonongo wakasema ni wao, na yeye aliwaacha wabishane kwa sababu kila upande ulimletea kuku. Kisukuma alijua salamu tu. Asubuhi ya kliniki aliwapigia wake wa wafugaji "Mwangaluka!" kwa sauti ya kuamsha kijiji, nao wakamjibu kwa maneno marefu, akawa anaitikia "eeh, eeh" bila kuelewa hata moja, mpaka wote wanacheka. Kwetu sote alikuwa Nesi, au Mkunga. Wakunga wa jadi walikuwepo wanne pale pale kijijini, lakini ukisema Mkunga hakuna aliyekuuliza yupi.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, na alinijia kwanza kama mteja. Ilikuwa mwaka tisini na tatu, au na nne, sikumbuki vizuri. Aliniletea ule mkanda wa mashine ya presha, unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Sehemu yake ya kunatana ilikuwa imekwisha, ukipuliza tu unafunguka. Alikuwa ameomba mwingine wilayani, akachoka kuomba. Nilimshonea kamba nne za kitambaa cha jinzi, mbili huku na mbili kule, za kufunga kama gunia. Aliutazama, akauvuta kwa nguvu zake zote, kisha akasema:

"Leta mkono."

"Mimi siumwi, Nesi."

"Nani amekuambia wanaopimwa ni wagonjwa? Leta mkono. Mdomo unadanganya, mkono haudanganyi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kila siku, kwamba mkono haudanganyi. Alinipima nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha cherehani, akaridhika, halafu huku anafungua zile kamba akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. Akauliza mimba ngapi. Nikasema moja. Hakuuliza tena. Alinilipa kwa sabuni mche mmoja akaondoka.

Hiyo moja niliibebea Kasekese, kijijini kwa mume wangu. Nilivimba miguu, nikavimba uso, pete ya ndoa ikagoma kutoka, na mama mkwe wangu akafurahi kupita kiasi. Kule kwao mjamzito akivimba alipongezwa. Walisema ni mtoto wa kiume, tena mkubwa, mwenye maji mengi. Majirani walikuja kunitazama miguu na kupiga vigelegele. Nami nilijivuna, nikawa nakaa nje makusudi ili waione. Kisha kichwa kikaniuma siku tatu, na siku ya nne nikaanguka nikitetemeka, povu mdomoni. Nilipopata fahamu tumbo lilikuwa tupu. Wanawake watu wazima walikuwa wameshamzika, nyuma ya nyumba, kwa desturi ya mtoto aliyezaliwa amekufa: bila matanga, bila jina, na mama haonyeshwi. Wengine walisema ni mashetani, wengine walisema niliolewa nikiwa na laana yangu. Mume wangu, ambaye ni seremala na mtu wa maneno machache, alifunga randa na misumeno yake akasema twende Kibaoni, huko hakuna anayetujua. Nilitaka mtoto kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Sioni haya kusema.

Turudi kwa Mkunga. Chumba chake cha kliniki tulikiita jikoni, kwa sababu alikuwa anapika mkojo. Nisemeje vingine? Kila mjamzito alikuja na kichupa chake, naye alimimina kidogo kwenye kijibomba cha kioo, akakishika kwa kibanio cha nguo na kukichemsha juu ya moto wa spiriti, kisha akadondoshea tone la siki. Mkojo ukibaki maji, unakwenda nyumbani. Ukifanya ukungu mweupe kama ute wa yai unaoiva, protini inavuja, figo zimezidiwa, na hapo masihara yanaisha. Lakini mpaka afike hapo masihara yalikuwa mengi. "Huyu ameweka chumvi," angesema akikiinua kijibomba kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu wa jana alikuwa mtamu zaidi." Wasichana wa mimba ya kwanza walikuwa wakiona kichefuchefu, wazoefu wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Wanaume hakuwaruhusu kuingia, isipokuwa mmoja. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wengi na wake watatu, akawaleta wote watatu kwa mkokoteni wa maksai. Wakulima wa kwetu huku Mpimbwe walikuwa wakibishana na Mkunga kuhusu kuvimba. Yule mzee hakubishana hata kidogo. Mkunga alipomweleza kwamba ugonjwa huu unaanzia kwenye kondo la nyuma, alipiga paja lake.

"Nesi, hayo si mageni kwangu. Ng'ombe ukitaka kumjua, tazama kondo. Likiwa baya, kila kitu kibaya. Hawa watu wako wanatazama tumbo tu."

"Sikieni jamani!" Mkunga akawageukia wengine. "Mfugaji anajua kuliko nyie wote mnaokwenda misa."

Mzee akafurahi, akakunja mkono wa shati akataka naye apimwe. Presha yake ikawa juu kuliko ya wake zake wote watatu. Tangu siku hiyo Mkunga alikuwa akimtania barabarani kwamba ajiandae, atajifungua mwezi wa tisa. Mzee naye akimjibu kwamba akizaa jike atampa yeye.

Alikuwa na mambo ambayo hayakupatana. Aliwaambia wajawazito walale mchana, na mwenyewe sikuwahi kumwona ameketi, hata chai aliinywa wima, vijiko vinne vya sukari. Alikataza chumvi na alikuwa akilamba chumvi kiganjani akidhani hakuna anayemwona. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, lakini baiskeli yake ilipokatika mnyororo alitoa maneno ambayo hata utingo wa lori asingeyasema mbele ya mama yake. Ng'ombe aliwaogopa. Aliweza kutoa mtoto aliyekaa vibaya huku anasimulia habari za harusi, lakini kundi la ng'ombe likipita alijibanza nyuma ya mtoto yeyote aliyekuwa karibu. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba hakula mapera. Alisema mbegu zake zinamwingia kwenye meno. Nalitaja hili kwa sababu kuna kipindi Kibaoni nzima ilikula mapera kwa amri yake.

Mambo yalianza alipokwenda semina Mpanda. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya tu, na semina ilikuwa jambo la kushonewa kitenge kipya, nami ndiye niliyemshonea. Alikaa wiki nzima. Aliporudi alikuwa amewaka. Kulikuwa na daktari mgeni aliyewaeleza mambo mapya ambayo wataalamu walikuwa wakiyatafuta kuhusu kifafa cha mimba, na Mkunga aliyabeba yote kichwani. Kliniki iliyofuata hakuanza kupima. Aliweka meza nje, akaweka jembe lenye kutu, limau moja na kiazi mviringo, akatuita tukae chini. Mimi sikuwa na mimba bado, nilipita tu kupeleka mashuka, lakini nilikaa.

"Hewa tunayovuta inaitwa oksijeni," alisema. "Ni rafiki yetu, bila hiyo tunakufa. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayolitia jembe kutu. Sasa ndani ya mwili oksijeni ina watoto watukutu. Wamepungukiwa kitu, kwa hiyo wanamnyang'anya kila wanayemkuta njiani. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, watoto tunao," mama mmoja akajibu, watu wakacheka.

"Haya. Kondo lisiposhika vizuri kwenye mji wa mimba, damu inalifikia kwa tabu. Hapo watukutu wanakuwa wengi kupita kiasi. Wanatoka wanaingia kwenye damu ya mama, wanakwaruza mishipa. Mishipa inajikaza, presha inapanda, figo zinavuja, kichwa kinauma, mwisho mtu anaanguka. Mnasema mashetani. Ni kutu!"

Akakata kiazi vipande viwili, kimoja akakipaka limau, kingine akakiacha. Akaendelea na upimaji wake. Tulipomaliza, kile kisichopakwa kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo na kile cha limau bado cheupe. Wanawake walishika midomo. Mkunga alisema ndani ya limau, ndani ya pera, ndani ya matembele na mchicha, ndani ya mawese mekundu yanayoletwa kutoka vijiji vya ziwani, mna vitamini ambazo zinampa yule mtukutu kile alichopungukiwa, naye anatulia. Alizisema kwa majina, vitamini C na vitamini E, kama mtu anayewataja wajomba zake.

Sijawahi kuona neno likishika vile. Mapera yakawa dawa. Mama mkwe aliyekuwa akimnyima mkwewe mayai sasa alimtuma mtu porini kutafuta matunda. Mawese yalikwisha sokoni, kila mboga ikawa nyekundu. Mipera ya parokia, iliyokuwa imeachiwa ndege miaka yote, ikavuliwa nguo na wajawazito alfajiri, mpaka padri akahubiri Jumapili nzima juu ya amri ya saba. Mkunga alimsubiri mlangoni baada ya misa, akamwambia usiibe ni amri nzuri, Baba, basi tupe mti mmoja uwe wetu tusitende dhambi. Alipewa mmoja. Akaufungia kitambaa chekundu kwenye shina ili ujulikane.

Nami nikashika mimba mwaka uliofuata. Kutoka mwezi wa pili nilikula mapera matano kila siku, sikukosa. Nilikula matembele mpaka mume wangu akauliza kama tumekuwa mbuzi. Kliniki nilikwenda, mwanzoni. Mkunga alinipima, akatabasamu, akanigonga begani. Lakini kuna jambo lililokuwa likitokea hapo kijijini ambalo hakuna aliyeliona, hata yeye. Benchi la kliniki lilikuwa linapungua. Waliokuwa wanatembea saa mbili kutoka mashambani na kichupa cha mkojo walianza kujiuliza, ya nini? Mapera nimekula, kutu sina. Mkunga aliona wanaokuja na miguu iliyovimba wamepungua akafurahi, akasema mnaona jamani, mnaona! Alihesabu waliofika tu. Waliobaki nyumbani hawakuingia kwenye hesabu yake.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa nane wa mimba yangu uliangukia kwenye magauni ya komunyo ya kwanza, magauni ishirini na mawili, meupe, ya lesi, na kila mama anataka la mwanawe lipite la mwenzake. Nikaruka kliniki moja. Nikaruka ya pili. Miguu ilivimba, nikajiambia ni kukanyaga cherehani. Kichwa kikaanza kugonga, nikajiambia ni lesi nyeupe inaumiza macho. Nikiona vimulimuli mbele ya sindano nilikwenda uani nikala pera lingine. Mtu aliyewahi kuanguka kama nilivyoanguka mimi, angewezaje kujidanganya hivyo? Lakini nilijidanganya, tena kwa furaha, kwa sababu safari hii nilikuwa na dawa.

Jumamosi watoto walikwenda kanisani kufanya mazoezi ya maandamano, wakiwa wamevaa magauni. Mkunga alikuwa kwenye kwaya. Aliona binti mmoja anapita, kisha wa pili, kisha wa tatu, na pindo za magauni zimekwenda upogo kama njia ya ng'ombe. Aliniambia baadaye kwamba kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Yeye aliteremka, akachukua baiskeli, akapitia zahanati kuchukua begi lake, akanikuta barazani.

"Fundi. Hizi pindo umeshona kwa macho gani?"

"Haya haya, Nesi. Yanawakawaka kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Kichwa?"

"Kinagonga. Lakini nakula mapera, Nesi. Matano kila siku. Na mawese. Kutu haiwezi kunipata."

Alipiga magoti akabonyeza mguu wangu, na hakuhitaji kuhesabu, kidole kilizama. Akafunga mkanda mkononi mwangu kwa zile kamba za jinzi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Zebaki ilikuwa juu sana, mia moja na sabini na kitu. Akaomba mkojo, akauchemsha pale pale kwenye jiko la mkaa lililokuwa likipasha pasi yangu. Uligeuka mweupe wote, juu mpaka chini.

Mkunga akaketi. Nimesema sikuwahi kumwona ameketi, ilikuwa mara ya kwanza. Aliketi kwenye lundo la lesi, kijibomba bado mkononi, akasema, "Nimekuua kwa mapera yangu."

Nikaanza kulia, si kwa kuogopa kufa. Nilikuwa nawaona wale wanawake watu wazima wakienda nyuma ya nyumba kwa mara ya pili. Kilio changu kilimwinua. Alinichoma sindano, akamwagiza mume wangu maji, godoro na khanga tatu, na kabla maji hayajafika alikuwa amesimama katikati ya barabara mbele ya lori la mpunga lililokuwa likielekea Mpanda.

Dereva alikataa. "Mama, huyu akijifungulia humu ndani je?"

"Akijifungulia humu mimi nipo. Akibaki hapa, nani yupo?"

"Barabara mbovu, nitamrusha."

"Basi endesha kama umebeba mayai. Sogea."

Tulikaa mbele watatu, mume wangu juu ya magunia. Njia inapita katikati ya mbuga, na mbung'o walikuwa wakiingia dirishani. Mkunga aliwapiga kwa lundo la kadi za kliniki, huku mkono wa pili umeshika mshipa wangu. Kila baada ya muda aliniuliza jina langu. Mara ya nne nikakasirika.

"Jina langu unalijua!"

"Mimi nalijua. Nataka kujua kama wewe bado unalijua."

Tulipofika daraja la Sitalike viboko wawili walikuwa wamelala karibu kabisa na njia, na dereva akazima gari asubiri waondoke. Mkunga aliogopa ng'ombe, nimesema. Alitoa kichwa dirishani akawatukana wale viboko kwa lile neno la mnyororo wa baiskeli, kisha akajivuta ndani haraka na kufanya ishara ya msalaba. Dereva alicheka mpaka akawasha gari kwa makosa, na ngurumo ile ikawaondoa. Nami nilicheka, na kichwa kiliniuma kwa kicheko, na sikujali.

Njiani aliniambia ukweli wote. Kwamba ugonjwa huu ukishafika hapa hauna dawa nyingine ila mtoto atoke na kondo litoke, na sindano ni za kununua muda tu. Kwamba mtoto atakuwa mdogo. Kwamba yeye hajui kama tutafika wote. Nilimshukuru kwa hilo la mwisho. Kasekese hakuna aliyeniambia lolote.

Tulifika wote. Jioni ile nilifanyiwa upasuaji, akatoka mtoto wa kike wa kilo mbili kasoro, mwekundu na mwenye hasira, tukamwita Skolastika. Mkunga alimshika, akamgeuza miguu kwanza, akaitazama, kisha ndiyo akamtazama uso. Kesho yake alirudi Kibaoni na lori lile lile, kwa sababu kulikuwa na kliniki wiki hiyo na alikuwa na jambo la kusema.

Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na wengi na wote wanakubaliana. Aliwatumia watu habari mpaka mashambani, akasema asiyekuja atafuatwa. Benchi likajaa, wengine wakakaa chini. Akasimama mbele yao bila kiazi wala limau.

"Niliwaambia nusu," alisema. "Nusu ya pili niliificha kwa furaha. Kutu ipo, wataalamu wanasema ipo. Matunda ni mazuri, kuleni. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba pera linazuia kifafa cha mimba. Hilo nililiongeza mimi. Fundi amekula mapera kuliko nyie wote na nusura afe. Anayetaka kunicheka anicheke sasa."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa Kisukuma, aliyekuwa ameketi kwenye mkokoteni nje ya uzio, akasema kwa sauti, "Nesi, hata mchunga hupotea njia. Taabu ni akikataa kurudi." Hapo ndipo walipocheka, naye akacheka kwanza kuliko wote huku anafuta macho kwa aproni. Siku ile ile aliwapima wote, na wawili walikutwa na presha iliyopanda, na mmoja wao alikuwa na mimba ya pacha.

Kuanzia hapo akaweka desturi yake. Kila mjamzito alikuja na tunda moja, akalitia kwenye kikapu kikubwa mlangoni. Hakupewa mpaka mkono upimwe na mkojo uchemshwe, kisha Mkunga mwenyewe alimkabidhi, na linaliwa pale pale, wote pamoja, kama karamu. Kipimo kwanza, pera baadaye. Watoto waliigeuza wimbo wa kuruka kamba. Wanawake walianza kuja hata kama hawaumwi, kwa sababu ya porojo za kikapu, na wengine walichagua tunda zuri makusudi ili waonekane. Miaka mingi baadaye nilisikia redioni kwamba wataalamu waliwapa wajawazito vidonge vya zile vitamini, wakapima, na havikuzuia ugonjwa kama walivyotarajia. Nilitamani angekuwa karibu nimgonge kwa kiwiko.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka tisini na tisa. Alikuwa amestaafu, amepanga nyumba mtaa wa Nsemulwa mjini Mpanda, nami nilikwenda huko kununua nyuzi na vitambaa, Skola akiwa mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Nilibisha hodi asubuhi. Alikuwa amenenepa, miwani imemkaa puani, anapepeta mchele. Alitazama miguu yangu, ya mtoto, kisha akapiga kelele:

"Mama Skola! Karibu, karibu! Yule kichaa wangu wa kilo mbili huyo?"

Tulicheka asubuhi nzima. Alimpa Skola ungo achezee, mchele ukamwagika wote, akasema kuku nao ni viumbe. Aliniuliza habari za kila mtu. Nilimwambia nesi aliyemrithi ni mpole mno, wanawake wanamwonea. Akasema huo ndio mwanzo, nami nilikuwa mpole.

Kulikuwa na jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kiazi. Siku ile wengine walipokuwa wanashangaa rangi, mimi nilikuwa nawaza kwamba Kasekese nilikula ugali na dagaa tu. Sikula tunda hata moja mimba nzima. Kama matunda yanatoa kutu, basi yule wa kwanza nilimuua mwenyewe. Sikumwambia mume wangu. Hata baada ya Mkunga kukiri kosa lake bado nilikuwa naamka nalo. Sasa Skola amekwenda kufukuza kuku, nikasema.

"Nesi, yule wa kwanza. Alikufa kwa sababu sikula matunda?"

Aliweka chini birika la chai aliyokuwa akitumiminia. Alivua miwani.

"Hapana, mwanangu. Sikiliza vizuri. Wanaokula matunda wanaupata, na wasiokula wanaukosa. Hata hao madaktari wakubwa hawajui unaanzia wapi, bado wanatafuta. Ulivimba, ukapigiwa vigelegele, hakuna aliyekushika mkono akakupima. Basi. Hakuna ulichofanya, na hakuna ulichoacha kufanya."

Nilifuta macho kwa ncha ya khanga. Kuku walikuwa wanapiga kelele nje, na Skola anawapigia kelele zaidi.

"Alikuwa wa kiume?"

"Walisema ni wa kiume. Sikumwona."

"Ulimpa jina?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Si mama yangu, si mume wangu, si padri. Kwa desturi hakuwa na jina, na asiye na jina haulizwi. Lakini nilikuwa nalo, nililichagua nikiwa nimekaa nje Kasekese naonyesha miguu, na sikuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Deogratias," nikasema. "Deo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akavaa miwani yake, akachukua birika.

"Haya, Mama Deo," akasema, "sogeza kikombe."